Alama Mbili za Penseli kwenye Gitaa la Kifua

Kwanza kabisa, ule msasa urudisheni mlikoununua.

Nilimwona yule kijana wenu wa miwani alivyoutoa mfukoni taratibu, akanitazama usoni, akasema kwa adabu nzuri tu, "Bibi, tunataka kulisugua gitaa lote, tulipake vanishi mpya, ling'ae." Nikamwuliza, "Lina nini hata lisuguliwe?" Akaanza kunionyesha. Kuna doa jeusi kichwani. Kuna vidoavidoa kifuani. Kuna matundu yamezibwa, na hapa pembeni mwa daraja kuna mtu amechorachora penseli. Mimi nikawamiminia chai, mkaenda zenu. Lakini tangu mlipotoka sijatulia. Nimeona afadhali niandike, kwa sababu mkija tena mtakuja wengi na mtazungumza wote kwa pamoja, na pumzi yangu siku hizi haiwezi kushindana na vijana.

Naitwa Mwanaidi binti Bakari. Hapa Malindi wengi wananijua kwa Bi Mwanaidi wa vyombo, na wanajua kuwa vyombo vyangu havipikiwi wala havilambwi. Ni udi, ni fidla, ni magitaa, ni kila kitu chenye nyuzi kilichowahi kupigwa harusini au hotelini kuanzia hapa hadi Kilifi kikavunjika. Nimevitibu maisha yangu yote katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Shella, hii ya hapa Malindi, mpaka vidole vilipoanza kukataa. Kama mnasema najisifu, ni kweli, najisifu. Fundi asipojisema watu watadhani vyombo hupona vyenyewe.

Hilo mlilopewa na Mzee Kazungu alipostaafu, sisi tuliliita gitaa la kifua. Magitaa mengine mliyoyazoea yana uso ulionyooka na tundu moja la duara katikati. Hili limevimba mbele na nyuma kama mkate uliokubali hamira, na badala ya tundu la duara lina mianya miwili iliyopinda, kama ya fidla. Uso huo haukukunjwa kwa maji ya moto. Ulichongwa kutoka ubao mnene, kidogokidogo, na aliyeuchonga alikuwa na subira ambayo mimi ningekuwa mwanamume ningeiposa. Watu wa jazi wa Ulaya walilipenda kwa sababu sauti yake haimwagiki ovyo. Kila noti hutoka imesimama peke yake.

Sasa tuje kwenye hayo mnayoyaita madoa.

Lile jeusi kichwani, karibu na funguo za nyuzi, si uchawi kama nilivyomsikia mmoja wenu akinong'ona. Ni sigara. Aliyelileta gitaa hili Malindi alikuwa Mtaliano, Bwana Renzo, mpishi katika hoteli moja ya hapa mjini. Alikuwa mnene, mwenye mikono inayonuka vitunguu saumu, na alisema alilirithi kwa mjomba wake aliyepiga muziki katika meli za abiria. Zaidi ya hapo sijui; mengine wanajua wao huko kwao. Bwana Renzo akishawalisha wageni alikaa kwenye kizingiti cha nyuma cha jiko, akachomeka sigara yake kwenye ncha za nyuzi pale kichwani, akapiga. Akizama sana katika muziki sigara huisha, moto ukafika kwenye mbao, na yeye hana habari.

Vile vidoavidoa vya kifuani ni marashi. Mwenye gitaa wa pili, yaani wa pili hapa kwetu, alikuwa Athumani, mshonaji wa kanzu na kofia, mtu wa asili ya visiwani kule Lamu, jirani yetu. Athumani alipiga udi katika kikundi cha taarabu. Udi ni mtamu, lakini harusini, ngoma zikishaingia na wanawake wakishapandwa na furaha, hausikiki. Siku moja Bwana Renzo alialikwa harusi ya jirani, akamsikia Athumani kabla ngoma hazijaanza, akatokwa na machozi mbele za watu bila haya. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa baba yangu na gitaa lake, anautaka udi ule. Yeye na Athumani wakabadilishana, kama majirani wanavyobadilishana sahani za futari, kila mmoja akiona kapata kilicho bora. Aliyenuna ni baba peke yake. Udi ule aliuunda yeye, na alisema, "Wanangu wote wanaolewa na watu wema, huyu mmoja anakwenda kukaa jikoni na vitunguu."

Basi Athumani akaanza kulipiga gitaa la kifua harusini, na akina mama wakija kumtunza pesa walimnyunyizia marashi, yeye na gitaa lake, mpaka vanishi ikaingia vidoa. Kila kidoa hapo ni mwanamke aliyefurahi. Wengine ni bibi zenu. Haya, sugueni.

Baba yangu, Fundi Bakari, hakujaaliwa mtoto wa kiume. Watu walimwonea huruma, yeye hakujionea. Siku yangu ya kwanza kazini alinikabidhi chungu cha sherisi, ile gundi ya ngozi inayopikwa kwa moto mdogo, akaniambia, "Isichemke." Ikachemka. Mtaa mzima ulinuka kwato zilizoungua, na jirani mmoja akaja mbio na ndoo ya maji. Baba hakugomba. Alinipa chungu kingine, akakaa kando yangu, akaniambia nitege sikio, maana gundi ikitaka kuchemka hubadili sauti kabla ya kubadili sura. Nilisikiliza chungu asubuhi nzima. Ami zangu waliokuja kumsalimia walisema, "Bakari, unamwacha mtoto wa kike akae na wapiga ngoma?" Baba akawajibu, "Mkae nanyi kama mna masikio." Hawakukaa.

Na neno jingine la baba liandikeni mahali: kinachoimba hakibanwi kote. Ngozi ya ngoma imebanwa ukingoni, katikati iko huru. Uzi umebanwa ncha mbili, katikati uko huru. Nililisikia neno hilo mara nyingi mpaka nikalichoka, na lilipokuja kunifaa baba hakuwepo tena kuliona.

Mtu wa tatu ni Kazungu, huyu huyu mnayemwita Mzee leo. Wakati ule, miaka ya themanini, alikuwa kijana mrefu wa Kakuyuni, Mgiriama, aliyeleta nazi sokoni Malindi. Akishauza, badala ya kurudi kwao, alikuja kusimama nje ya duka la Athumani kusikiliza. Athumani akamwambia aingie, kusimama mlangoni kunaziba mwanga. Ndivyo alivyofundishwa. Kile kifungo cha kifuu mnachokiona shingoni, cha kushikia mkanda, alikichonga yeye mwenyewe kwa nazi ya shambani kwao.

Kisha Athumani akajaaliwa kwenda Hija. Nyinyi mliolelewa hapa mnajua, na wasiojua niwaambie: wapigaji wengi wa zamani wakirudi Makka walikuwa wanaviweka vyombo chini. Hakuna aliyewalazimisha. Ilikuwa ahadi ya mtu na Mola wake. Kabla ya safari Athumani alizunguka mtaa mzima akiomba radhi kwa aliowakosea, kama ilivyo desturi, na siku hiyo hiyo alimkabidhi Kazungu gitaa. Wenzake wa taarabu walikasirika. Kwa nini apewe mtu wa bara, tena Mkristo, nao wapo? Athumani akawaambia, "Nyinyi mliniuliza litakwenda kwa nani. Yeye aliniuliza linatunzwa vipi." Akaenda, akarudi, akawa Alhaji Athumani, na tangu siku aliyorudi hakugusa uzi.

Kazungu akapata kazi katika bendi ya hoteli moja kule Bofa, Kilifi. Kazi nzuri, na zaidi ya uzuri wake, ndiyo kazi pekee aliyowahi kuitaka. Baba yake alikuwa amemkubalia kwa shingo upande: hoteli ikimkataa, atarudi kwenye mihogo, na gitaa litatundikwa ukutani mpaka liliwe na mchwa.

Kukatokea balaa. Kazungu alitaka kubadili nyuzi, akazitoa zote kwa mpigo. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wengi wanapoangukia. Daraja, kile kijiti cha mbao kinachoinua nyuzi juu ya uso, kwenye udi limegandishwa kwa gundi. Kwenye magitaa mengi ya kawaida pia limegandishwa. Kwenye gitaa la kifua halikugandishwa na kitu chochote. Limesimama tu, linashikiliwa na uzito wa nyuzi zenyewe. Ukizitoa nyuzi zote, linaanguka. Likamwangukia Kazungu mapajani, akadhani amelivunja. Akalikimbiza kwa Mzee Charo, seremala wa kwao Kakuyuni, mtu wa milango na vitanda.

Siku iliyofuata alibisha hodi kwangu.

"Hodi, Bi Mwanaidi."

"Karibu, Kazungu. Mbona umelibeba kama maiti?"

"Ni maiti, dada. Limenifia mkononi."

Nikafunua kitambaa. Daraja limekaa juu ya uso wa gitaa na gundi nyeupe imefurika pande zote, na juu ya gundi, kwa usalama zaidi, misumari miwili.

"Nani amelipigilia misumari?"

"Mzee Charo. Alisema halitaanguka tena hata Kiama kije."

"Kwa hilo alisema kweli," nikamwambia, kisha nikalazimika kukaa chini.

Lakini msimcheke Mzee Charo. Vitanda vyake vinalaliwa hadi leo na havilii. Alikuta daraja limeanguka, akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya. Fundi wa udi naye angeligandisha, bila misumari tu.

Kazungu akapiga nyuzi zikiwa huru, zikaitika vizuri. Akabonyeza juu, karibu na kifua, kila uzi ukasema lake. Hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Daraja likisogea mbele au nyuma hata kwa unene wa ukucha, noti za juu zote zinadanganya.

"Kiongozi wa bendi amesemaje?"

"Bwana Maneno amesema Jumamosi, kwenye chai ya alasiri ya wageni, likiimba hivi, Jumapili analeta mpigaji kutoka Mombasa. Dada, mino sina mlango mwingine," akasema, Kigiriama cha kwao kikimponyoka.

Ilikuwa Jumanne. Nikamwambia aende, arudi kesho yake, na asije na seremala.

Kazi yenyewe niliifanya hivi, na atakayetaka ufundi asome pole pole. Siki niliipasha moto, nikaipaka kwenye gundi kwa unyoya wa kuku, nikaiacha ilainike. Kisu chembamba cha jikoni nikakipasha, nikakipitisha chini ya daraja bila kulazimisha, na kila kilipokataa nilikitoa na kurudia siki. Misumari niliing'oa kwa koleo, huku nimetandika kipande cha ngozi chini yake ili koleo lisiume uso. Matundu nikayaziba kwa vijiti vya mbao laini. Ndiyo hayo aliyoyaona kijana wa miwani.

Kisha miguu ya daraja. Miguu hiyo lazima ilale juu ya kifua bila kuacha mwanya, na kifua kimevimba, kwa hiyo miguu iliyonyooka haifai. Unatandika msasa juu ya uso wa gitaa, upande mkali ukitazama juu, unalisugua daraja juu yake mbele na nyuma mpaka miguu ichukue umbo la kifua. Hiyo ndiyo kazi pekee ya msasa kwenye gitaa hili. Unasugua miguu ya daraja. Uso wa gitaa huugusi.

Mpaka hapo nilikuwa najiamini. Kilichobaki ni kujua daraja lisimame wapi, na hapo nikakwama. Mimi nilikuwa mtu wa udi, na udi hauna vile vyuma vilivyolazwa shingoni kugawa noti. Daraja la udi likikosea kidogo, kidole cha mpigaji kinakwenda chenyewe kuitafuta noti na kuisahihisha. Gitaa lina vyuma, kidole hakina ruhusa ya kutangatanga, na kosa la daraja linabaki kosa. Njia niliijua: unaugusa uzi kwa wepesi katikati yake, unausikiliza, kisha unaubonyeza pale pale, unausikiliza tena. Sauti mbili zikiwa moja, daraja limefika. Lakini kuna nyuzi sita, na ukiutuliza mmoja, mwingine unachafuka.

Jumatano tulishinda hapo, Kazungu akipiga, mimi nikisukuma. Alhamisi vilevile. Kufikia adhuhuri kila nilichosikia kilikuwa sawa, na Kazungu ananitazama kwa huruma kwa sababu hakikuwa sawa. Sikio likichoka huwa kama kadhi mwenye njaa, linakubali lolote ili liende nyumbani. Nikajitupia buibui, nikaenda kwa Alhaji Athumani.

Nilimkuta dukani kwake anashona kofia kwa mkono, macho karibu yaguse kitambaa.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba, mwanangu. Wazima nyumbani?"

"Wazima, twashukuru. Nimekuja kwa ajili ya lile gitaa."

Sindano ikasimama. "Mimi nina gitaa?"

"Huna. Analo Kazungu, na ikifika Jumapili atakuwa nalo lakini hana kazi." Nikamweleza yote, gundi, misumari, Bwana Maneno, na masikio yangu yalivyokufa ganzi. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Mwanaidi," akasema, "ahadi niliyoiweka niliiweka mbele ya Al-Kaaba. Siwezi sasa kuigawa mafungu, hili niliacha, hili sikuacha."

"Sikwambii ulishike."

"Wataka nifanye nini basi?"

"Usikie tu. Sikio halina kifuniko, Alhaji. Hapa ulipokaa wasikia baiskeli, wasikia mwadhini, wasikia jirani akigombana na mkewe."

Alicheka kidogo, kisha uso ukarudi ulipokuwa. "Ulimi huo ni wa Bakari. Nenda salama, mwanangu. Mimi sitakuja."

Nilirudi na hasira, siwafichi. Nilijiambia huyu mzee anaona kijana anazama na yeye ana kamba mkononi. Siku hizi namwelewa vizuri zaidi. Alikipenda kitu kile kuliko sisi sote, na kukiacha kulimuuma kuliko alivyotuonyesha, na mimi nilikwenda kulitonesha donda lile huku nikifanya mzaha.

Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa ndani tunalisumbua daraja bila matumaini, nikasikia mtu anajikohoza barazani kwetu. Nikachungulia. Alhaji Athumani amekaa juu ya baraza, mgongo kwenye dirisha, kofia mkono mmoja, sindano mkono mwingine.

"Karibu ndani, Alhaji."

"Nishakaribia. Dukani kwangu kumeingia jua, nikaona nije nishone kwenye kivuli chenu."

Duka lake lilikuwa na kivuli kutwa nzima.

"Lakini hebu fungueni dirisha hilo," akasema bila kugeuka. "Mtakufa kwa joto humo."

Nikafungua mbao zote mbili za dirisha.

Kazungu akavuta kiti karibu na dirisha. Akaugusa uzi mnene katikati, akaupiga, kisha akaubonyeza, akaupiga. Akarudia. Alhaji akavuta uzi wa kofia yake, akasema polepole, kama anazungumza na sindano, "Kaka mkubwa amepanda juu. Arudi nyuma kidogo."

Nikalegeza, nikasukuma upande wa nyuzi nene kuelekea mkiani kwa ncha ya kidole gumba, tukakaza. Kazungu akapiga.

"Nimesema kidogo, Mwanaidi."

Nikarudisha nusu. Kimya. Kimya chake kilikuwa ndiyo. Tukaenda kwa uzi uliofuata, na uliofuata, na yeye kule nje akiendelea na watu wake. Huyu ametulia, mwacheni. Huyu bado anamfuata kaka yake, mtenganisheni. Yule mwembamba, kitinda mimba, yuko chini, aje mbele. Daraja likaanza kukaa mshazari, upande mmoja nyuma, upande mmoja mbele, nami siku mbili nzima nilikuwa naling'ang'aniza linyooke kwa sababu kwenye udi linanyooka.

Akapita jirani. "Assalamu aleikum, Alhaji. Leo twasikiliza muziki?"

"Waaleikum salaam. Leo twashona kofia."

Mwisho Kazungu, bila kuambiwa, akapiga wimbo mzima. Ulikuwa ule ambao Athumani aliupiga zamani bibi harusi akitolewa. Nilimtazama Kazungu kumkataza, nikashindwa, kwa sababu gitaa lilikuwa linaimba kama sikuwahi kulisikia, juu na chini, kila noti mahali pake. Nilisikia fahari ikinipanda kifuani mpaka nikaona haya. Wimbo ukaisha.

"Basi," Alhaji akasema. "Msiliguse tena."

Nikachukua penseli, nikachora alama mbili, moja kila upande wa miguu ya daraja. Kisha nikatoka nje kumshukuru. Alikuwa ameishika kofia mbele ya macho yake anaiangalia. Maua yote yalikuwa yamepangana vizuri isipokuwa moja lililokwenda mrama.

"Ua hili limepinda, Alhaji."

"Naliona," akasema. "Macho yalikuwa hapa hapa, wallahi."

Jumamosi nilipanda basi hadi Kilifi, nikatembea hadi Bofa. Sikuweza kukaa nyumbani. Askari wa getini aliliangalia buibui langu, akaniuliza nimekuja kumwona nani. Nikamwambia nimekuja kumwona mgonjwa wangu. Akafikiri mimi nesi, akanipitisha.

Bendi ilikuwa kando ya bwawa, wageni wanakunywa chai. Bwana Maneno, mtu wa shati la maua na uso usiocheka, alimpa Kazungu ishara mapema, wimbo wa pili tu, apige peke yake tena juu kabisa, kule gitaa lilikokuwa linadanganya. Nilifumba macho. Niliomba dua zote nilizozijua na moja niliyoitunga. Kazungu akapanda, noti baada ya noti, akafika juu, akakaa huko kwa raha zake, akashuka wakati alipotaka yeye. Nilipofumbua macho Bwana Maneno alikuwa amegeuka kabisa, anamtazama Kazungu, amesahau hata kuongoza.

Walipopumzika nilimsikia akiuliza, "Nani amelitibu hili?"

Kazungu akanyoosha kidevu kwangu.

"Yule mama?"

"Yule fundi," Kazungu akasema, kwa sauti ya kusikiwa na bendi nzima.

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita fundi mbele ya watu nisiowajua. Nilikuwa fundi wa mtaani, binti wa Fundi Bakari, na kwa wengine mwanamke aliyekosa kazi ya kufanya. Siku ile niliingia Bofa kama nesi na nikatoka kama fundi, na njia yote ya kurudi Malindi nilikaa ndani ya basi na tabasamu hata mtu wa pembeni akahama kiti. Mpigaji wa Mombasa hakuletwa, si Jumapili ile wala Jumapili nyingine.

Jumatatu nilipita makusudi mbele ya duka la Alhaji.

"Kilifi ilikuwaje?" akauliza, macho kwenye sindano.

"Njema. Ndugu wote sita walikaa pamoja, hakuna aliyegombana."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kushona. Hatukulizungumza jambo lile tena maisha yetu yote. Baadaye kidogo tu alinitumia ile kofia, imekwisha, na ua lake limepinda vilevile, hakulifumua. Ujumbe ulikuwa nimpe Kazungu, kwa kuwa yenye kosa haiuziki. Mtu yule alikuwa mshonaji. Angetaka angelifumua.

Mlishaiona kofia hiyo. Ndiyo Mzee Kazungu aliyokuwa akiivaa kila alipopanda jukwaani, na kanisani kwao Kakuyuni wameshachoka kumwuliza. Siku Alhaji alipofariki Kazungu aliivaa, akaja Shella, akasimama na wanaume nje ya nyumba tangu asubuhi, na jeneza lilipotoka alitia bega lake naye.

Nyinyi mna simu siku hizi, uzi ukikaa sawa zinawaka kijani. Mambo mazuri, sina ugomvi nayo. Mlipokuja juzi nilimwomba yule binti wa kwenu aiweke simu yake karibu, apige nyuzi zote, chini na juu. Mliona wenyewe ilivyowaka kijani, uzi kwa uzi. Nyinyi mkaendelea kunywa chai kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kisha nikarudi na sukari.

Kwa hiyo nyuzi badilisheni mmoja mmoja, msizitoe zote. Na kwa kuwa najua siku moja mtazitoa zote, daraja likianguka msimwite seremala. Tafuteni alama mbili za penseli, lisimamisheni hapo. Mkono uliozichora ni wangu. Sikio lililozipima ni la mtu ambaye tangu aliporudi Makka hakuligusa gitaa hili hata kwa kidole.

Basi lichukueni, lipigeni, marashi na sigara na matundu yake yote. Na mkipiga, dirisha liacheni wazi.